Chukueni Sampuli Samaki Wakiwa Wazima

 

Leo nazungumza nanyi, wasikilizaji, juu ya kipande cha samaki chenye unene wa nusu sentimita tu. Kipande hicho hakitoshi kitoweo wala hakiuziki bandani. Lakini kikikatwa vizuri, kikahifadhiwa vizuri, kisha kikasomwa kwa hadubini na mtu aliyefundishwa kusoma, kitaeleza samaki yule alikuwa akipumua vipi, alikuwa akishiba au ana njaa, kama alikuwa karibu kutaga, na kama maji aliyoishi yalikuwa yakimuumiza. Haya yanawahusu watu wote wa pwani. Ila nimewakusudia watu wa kisiwa cha Manda hasa, na nitaeleza kwa nini.

Tazameni Manda ilivyokaa. Upande mmoja kuna mlango wa bahari unaoitenga na Lamu. Upande wa bara kuna Mkanda, ule mfereji mwembamba uliozungukwa na mikoko. Kaskazini kuna Ghuba ya Manda, na mashariki ni bahari kuu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika kaunti hii ya Lamu, na kila mvuvi anajua kwamba samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko kabla ya kutoka kwenda kwenye miamba. Na humo ghubani ndimo ilimojengwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ili meli kubwa zipate kina, sakafu ya bahari ilichimbwa na mchanga na tope vikatolewa.

Wavuvi walikwenda mahakamani kabla gati hilo halijafunguliwa. Mwaka 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa katika mradi huo, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu ile iliwafundisha watu wa pwani jambo kubwa: kwamba sauti ya mvuvi inaweza kusikilizwa na majaji. Lakini kuna swali ambalo litarudi tena na tena, katika mahakama hii au nyingine, juu ya mradi huu au mwingine. Mvuvi anaposema kwamba tafi wa Mkanda hawako kama walivyokuwa, atathibitisha vipi?

Jibu langu la leo ni hili. Sehemu ya uthibitisho imo mwilini mwa samaki mwenyewe, lakini haisomeki kama hakuna samaki mzima wa kumlinganisha naye. Kwa hiyo sampuli muhimu kuliko zote ni ile inayochukuliwa siku ambayo hakuna balaa lolote. Sikilizeni basi jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kisha mtapima wenyewe kama neno langu lina uzito.

Kazi huanza na kukimbizana na wakati. Samaki anapokufa, vile vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula chake huanza kuisaga nyama yake mwenyewe. Utumbo, ini na figo ndivyo vinavyotangulia kuharibika. Katika joto letu la pwani, dakika chache zinatosha kulifanya ini lisomeke kama la samaki mgonjwa hali samaki alikuwa hana ugonjwa wowote. Ndiyo maana yule samaki aliyekutwa akielea, macho yameingia ukungu na tumbo limefura, hana msaada mkubwa kwa msomaji wa hadubini. Anayetakiwa ni yule aliye hai, au anayetapatapa, au aliyekata roho sasa hivi mbele ya macho yako.

Namna ya kumuua nayo ina maana. Mvuvi amezoea kumpiga samaki kichwani, na kwa kitoweo hakuna ubaya. Kwa sampuli, pigo hilo linaweza kupasua mishipa midogo ya damu ndani ya matamvua, na baadaye msomaji akaona uvimbe wa damu akadhani ni sumu ya majini. Njia bora ni kumtia samaki katika ndoo ya maji ya bahari yenye mafuta ya karafuu. Ndiyo, karafuu hii hii inayovunwa Pemba na Unguja. Ndani yake mna kitu kiitwacho eujenoli, ambacho humlaza samaki taratibu, na kikizidishwa humuua bila purukushani. Watafiti wa samaki duniani kote wanakitumia.

Na barafu je? Samaki akiwekwa juu ya barafu, kuoza kunapungua mwendo, na hilo linasaidia kidogo ikiwa hakuna njia nyingine. Lakini asiingizwe kwenye friza. Maji yaliyomo ndani ya seli yakiganda huwa chembe zenye ncha, na ncha hizo huzitoboa seli. Samaki wa friza analika vizuri, lakini chini ya hadubini nyama yake ni magofu matupu.

Baada ya hapo samaki hupimwa urefu na uzito, hupasuliwa, na vipande hukatwa kwa wembe mkali bila kufinyangwa kwa vidole. Kila kipande kisizidi unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, ili dawa ipenye hadi katikati. Dawa yenyewe ni fomalini. Mwaka 1893, daktari Mjerumani Ferdinand Blum alikuwa akiijaribu kama dawa ya kuulia vijidudu, akagundua kwamba ngozi ya vidole vyake imekuwa ngumu. Kutokana na vidole vile dunia ikajua kwamba fomalini huzuia nyama isioze na kuishika kama ilivyo, kila seli mahali pake. Fomalini inayotumika huzimuliwa hadi asilimia 10, na huchanganywa na chumvi maalumu za kuondoa ukali wa asidi, kwa sababu fomalini yenye asidi huacha madoa ya kahawia kwenye nyama yenye damu nyingi, na madoa hayo humpotosha msomaji. Ujazo wa dawa uwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Chupa iliyojazwa vipande hadi juu na dawa ikamwagiwa kidogo tu, humo katikati nyama inaoza kimyakimya.

Kisha kuna kikaratasi. Ndani ya kila chupa hutiwa kikaratasi kigumu chenye namba ya samaki, tarehe na mahali, kilichoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka katika spiriti na chupa ikabaki haina jina. Penseli haiyeyuki. Na kwenye daftari huandikwa yale ambayo hakuna mashine inayoweza kuyajua: samaki alinaswa kwa lema, kwa mshipi au kwa jarife, bamvua au maji mafu, maji yalikuwa maangavu au ya tope, kusi au kaskazi. Hapo mvuvi ndiye mwalimu. Mtaalamu wa maabara aliye Mombasa hawezi kujua kwamba siku ile maji ya Mkanda yalibadilika rangi, ila aambiwe na aliyekuwa ndani ya mashua.

Baada ya siku moja au mbili ndani ya fomalini, vipande huhamishiwa kwenye spiriti ya asilimia 70, na hapo vinaweza kusubiri safari. Uwanja wa ndege uko papo hapo Manda, lakini fomalini na spiriti ni mizigo ya hatari yenye taratibu zake. Havitiwi kwenye begi na kupandishwa ndege kiholela.

Twende sasa maabara. Nyama ya samaki imejaa maji, na kitu chenye maji hakikatiki kikawa chembamba sana. Kwa hiyo maji huondolewa pole pole. Kipande hupitishwa kwenye spiriti kali zaidi na zaidi, kutoka asilimia 70 hadi spiriti tupu. Haraka hapa ni hasara, kwa sababu nyama hujikunja. Kisha hutiwa katika zailini, kimiminika kinachoitoa spiriti na kukubali kuchanganyika na nta. Mwisho huzamishwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa kwa joto la karibu nyuzi 60, nta ikaingia kila mahali palipokuwa na maji. Ikipoa, unapata kijitofali cha nta chenye kipande cha samaki ndani yake.

Kijitofali hicho hufungwa kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia yenye wembe mkali kupita kiasi, na hukatwa kwa unene wa mikroni 5. Ili mjue mikroni 5 ni nini, vipande 200 vya namna hiyo vikipangwa kimoja juu ya kingine ndipo vinafikia milimita moja. Hutoka vikiwa vimeshikana mfano wa utepe. Utepe huwekwa uelee juu ya maji ya uvuguvugu ili unyooke, kisha kipande hukingwa kwa slaidi, yaani kile kioo chembamba cha kuwekea sampuli, na hukaushwa.

Hata hapo bado hakuna cha kuona, kwa sababu kipande chembamba hivyo karibu hakina rangi. Nta huondolewa, kisha hutiwa rangi mbili. Ya kwanza ni hematoksilini, itokayo kwenye mti mwekundu wa Mexico na Amerika ya Kati, na ndiyo inayopaka viini vya seli rangi ya buluu au zambarau. Ya pili ni eosini, na hiyo hupaka sehemu nyingine za seli rangi ya waridi. Kioo chepesi hubandikwa juu, na slaidi imekamilika. Slaidi kama hiyo hudumu kwa miaka mingi, na kile kijitofali cha nta kikitunzwa mahali pakavu, penye baridi, kinaweza kukatwa tena hata baada ya miongo kadhaa.

Ndugu wasikilizaji, jicho sasa liko kwenye hadubini. Msomaji anaona nini?

Tuanze na matamvua, yale yaliyo mekundu ndani ya mashavu ambayo mama akinunua samaki huyafunua ili ajue kama ni mbichi. Kila tamvua limebeba safu za vijani vyembamba mno, na ngozi ya vijani hivyo ni nyembamba ili hewa ya oksijeni ipite kutoka majini kuingia damuni. Samaki aliyekaa siku nyingi katika maji yenye tope au kemikali kali anaweza kujikinga. Ngozi ile inakuwa nene, seli za kutoa ute zinaongezeka, na vijani vinaweza kushikana. Kinga hiyo ina gharama: njia ya oksijeni inarefuka, na samaki anachoka upesi. Mvuvi anayesema kwamba samaki hawana nguvu kwenye mshipi huwa amegusa jambo ambalo slaidi inaweza kulithibitisha au kulikanusha.

Ini nalo lina habari zake. Samaki aliyeshiba huwa na mafuta kwenye seli za ini, na kwenye slaidi mafuta hayo huonekana kama matundu meupe, kwa sababu spiriti na zailini zimeyaondoa. Mwenye njaa hukosa matundu hayo. Kuna pia vifungu vya seli zenye rangi ya dhahabu na kahawia, zinazokusanya uchafu na masalia ya seli zilizokufa. Huongezeka samaki anapozeeka, anaposhinda na njaa, na pia anapoishi penye uchafuzi. Kwa hiyo ukiviona vingi, usiruke kusema ni uchafuzi. Uliza kwanza umri wake.

Ovari ndiyo yenye hazina kubwa kwa mvuvi. Hapo hatua zote za yai huonekana: mayai machanga, mayai yanayoanza kujaa lishe, mayai yaliyokomaa, na hata vile vifuko vitupu vilivyobaki baada ya mayai kutoka. Vifuko hivyo hupotea upesi katika maji ya joto kama yetu, hivyo ukivikuta unajua samaki huyu ametaga siku chache sana zilizopita. Mwaka 1990 mtafiti Micheni Ntiba na mwenzake Jaccarini walichapisha utafiti juu ya ukomavu wa viungo vya uzazi vya tafi wa pwani ya Kenya, wakaonyesha kwamba tafi ana misimu maalumu ya kutaga, wala hatagi ovyo mwaka mzima. Na kwa tewa kuna ajabu nyingine. Tewa wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua hugeuka madume. Kwa macho matupu huwezi kulijua hilo vizuri, lakini kwenye slaidi unaweza kukuta mabaki ya ovari ndani ya korodani. Maana yake kwa wavuvi ni nzito: tukiwamaliza tewa wakubwa tu, tunamaliza madume.

Sasa nirudi kwenye neno langu la kwanza. Katika kila mfano niliowapa, msomaji anauliza swali lile lile: kawaida yake ni ipi? Ngozi ya tamvua la tafi wa Manda aliye mzima ina unene gani? Ini lake huwa na mafuta kiasi gani wakati wa kusi, na kiasi gani wakati wa kaskazi? Vitabu vingi vya magonjwa ya samaki vimeandikwa juu ya samaki wa kufugwa wa nchi za baridi. Tafi wa Mkanda ana kawaida yake, na kawaida hiyo itajulikana kwa kuwasoma tafi wa Mkanda.

Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2002, samaki wengi walipokufa katika bahari ya kaskazini mwa Kenya na kuendelea hadi Somalia. Wataalamu walikihusisha kifo kile na mwani mdogo wa baharini uliozaliana kupita kiasi. Jambo kama lile linaweza kutokea tena. Likitokea, kutakuwa na saa chache tu za kupata samaki anayetapatapa na kumtia kwenye fomalini. Meli ya utafiti haiwezi kufika kwa saa chache. Mvuvi wa Manda yupo tayari pale.

Lazima niseme pia mipaka ya kazi hii, ili nisiwauzie matumaini yasiyo na msingi. Slaidi huonyesha jeraha. Mara nyingi haimtaji aliyejeruhi. Kujua ni sumu gani kunahitaji kupima maji na nyama kwa kemia, na kujua ni bakteria gani kunahitaji kuwaotesha. Samaki mmoja hatoshi kamwe. Wanahitajika wengi, kutoka mahali panaposhukiwa na mahali pasiposhukiwa. Na msomaji asiambiwe ni slaidi ipi imetoka wapi mpaka amalize kusoma, ili moyo wake usimsukume kuona anachotaka kukiona. Tukiyazingatia hayo, hata upande unaotupinga utaheshimu matokeo.

Na usalama. Fomalini ni sumu. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ishikwe kwa glavu, mahali penye upepo, mbali na watoto na mbali na banda la kuuzia samaki. Samaki aliyeguswa na fomalini haliwi, na fomalini iliyotumika haimwagwi baharini. Hurudishwa maabara ikaharibiwe ipasavyo.

Ombi langu ni nini basi? Nawaomba viongozi wa jumuiya za usimamizi wa fuo, zile BMU zetu, wakae na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, pamoja na idara ya uvuvi ya kaunti, wakubaliane jambo dogo lenye kudumu. Kila kusi na kila kaskazi, wachukuliwe samaki wachache walio wazima, tafi, changu na tewa, kutoka Mkanda, kutoka ghubani na kutoka upande wa bahari kuu. Vijana wawili watatu katika kila ufuo wafundishwe kukata, kuhifadhi na kuandika. Kuwe na sanduku lenye mafuta ya karafuu, wembe, glavu, chupa, fomalini iliyokwisha tayarishwa, na penseli, likiwa chini ya mtu anayejulikana. Vijitofali vya nta vitunzwe maabara, na orodha yake ibaki pia mikononi mwa wavuvi, ili isiwepo siku watakayoambiwa kwamba havijulikani vilipo.

Manda yenyewe ni shahidi wa faida ya kitu kilichohifadhiwa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alianza kuchimba kwenye magofu ya mji wa kale wa Manda mwaka 1966, na vigae vilivyolala ardhini viliwaeleza watu kwamba hapa palikuwa na mji wa biashara tangu karne ya 9. Vigae vile vilibaki kwa bahati. Sisi hatuna haja ya kungojea bahati, maana tunajua sasa, leo hii, kitakachoulizwa kesho.

Watu wataendelea kubishana juu ya bandari, juu ya tope, juu ya nani alipwe nini. Mabishano hayo ni haki yao. Lakini mvuvi atakayeingia katika mabishano hayo akiwa na slaidi za miaka kumi, zilizochukuliwa kwa utaratibu kutoka kwenye maji yake mwenyewe, hatakuwa mtu wa kuombea huruma. Atakuwa na ushahidi, na watalazimika kuujibu. Kazi hiyo haianzi siku samaki watakapoanza kufa. Inaanza msimu huu, wakiwa wazima.